Ua, Milango na Askari wa Mwili

Nyumba nyingi za Butembo na za Beni zimezungukwa na ua: huku wa matofali, kule wa mianzi au wa miti iliyopandwa. Ua una mlango, na mlango una mtu wa kuuangalia. Mwivi akiruka ua usiku, walio ndani huamka, hupiga kelele, humshika. Akirudi siku nyingine, wanamtambua mara moja.

Mwili wa mtu nao umejengwa hivyo. Una ua, una milango, una askari, na askari hao wana ukumbusho. Katika somo hili tutajifunza mambo hayo manne. Kisha tutaona jinsi yalivyohusu uzima wa watu wetu wa Beni na Butembo katika miaka ya 2018 hadi 2020, ugonjwa wa Ebola ulipokuwa kwetu.

1. Ua wa mwili: ngozi

Mwili wote umejengwa kwa chembe, kama nyumba ijengwavyo kwa matofali. Chembe ni ndogo sana. Jicho haliwezi kuziona bila hadubini, yaani chombo kinachokuza vitu vidogo.

Ngozi ndiyo kiungo kikubwa kuliko vyote. Ngozi ya mtu mzima ikitandazwa chini, ingefunika karibu meta mbili za mraba, kama mkeka mzuri wa kulalia. Ina matabaka mawili. Tabaka la juu ni jembamba. Chembe zake za juu kabisa zimekwisha kufa, nazo zimebanana kama mabati juu ya paa, hata vijidudu havipati pa kupita. Kila siku hudondoka kidogo kidogo, na chembe mpya hupanda kutoka chini kushika nafasi yake. Tabaka la pili ni nene. Humo mna mishipa ya damu, mishipa ya fahamu, mashina ya nywele na tezi za jasho.

Ukijikwaruza kidogo na damu isitoke, umegusa tabaka la juu tu. Ukitoka damu, ujue kwamba umefika tabaka la pili: ua umetobolewa. Kwa hiyo jeraha, hata likiwa dogo, huoshwa kwa maji safi na sabuni, kisha hufunikwa.

Ngozi nzima ni ua imara sana. Vijidudu vingi hukaa juu yake bila kutudhuru, maana haviwezi kuingia.

2. Milango ya mwili

Nyumba isiyo na mlango haifai. Mtu hana budi kula, kupumua na kuona. Kwa hiyo ua wa mwili una milango: mdomo, pua, macho na mingineyo. Katika milango hiyo hakuna ngozi kavu, ila utando mwembamba, laini, wenye majimaji. Vijidudu vyaweza kupita hapo kwa urahisi kuliko penye ngozi.

Lakini kila mlango una mlinzi wake. Macho yana machozi, ambayo huosha na kuua baadhi ya vijidudu. Pua ina vinyweleo na kamasi za kunasa vumbi. Mdomo una mate. Tena chakula kikishuka tumboni hukutana na maji makali kama ndimu iliyo kali sana, na vijidudu vingi hufa humo.

Sasa jibuni: katika siku moja, ni kitu gani kigusacho milango hiyo mara nyingi kuliko vyote? Ni mkono. Mkono hushika jembe, fedha, mlango wa choo, mkono wa mgonjwa. Halafu hufikicha jicho. Mkono humchukua mwivi begani na kumfikisha mlangoni. Hii ndiyo sababu ya kunawa. Hatunawi ili mkono upendeze tu. Twanawa ili mwivi abaki nje.

3. Damu

Ndani ya ua mna mto usiokoma kutembea, ndio damu. Mtu mzima ana damu kama lita 5. Mtoto mwenye kilo 28 ana kama lita 2 tu. Kwa hiyo mtoto akitokwa na damu nyingi, au akipungukiwa na maji, hulegea upesi kuliko baba yake.

Moyo ndio pampu ya mto huo. Ni msuli wenye tundu ndani, na ukubwa wake ni kama wa ngumi ya mwenyewe. Upande wa kuume hupeleka damu kwenye mapafu ili ichukue hewa safi. Upande wa kushoto huipeleka mwilini mwote. Mtu akikaa kimya, damu huzunguka mwili wake kwa muda wa dakika moja hivi.

Ukiitazama damu kwa hadubini, utaona vitu vinne:

Kwanza, maji ya damu. Rangi yake ni manjano hafifu. Ndiyo yanayobeba chakula, chumvi, na takataka za kupelekwa kwenye mafigo.

Pili, chembe nyekundu. Ndizo nyingi kabisa. Katika tone dogo zimo mamilioni. Kazi yake ni kubeba hewa safi. Kila moja huishi kama siku 120, kisha hufa, na nyingine huzaliwa katika uboho, ndani ya mifupa.

Tatu, vipande vidogo vya kugandisha damu. Mshipa ukikatika, hukimbilia hapo, hushikamana, na kuziba tundu.

Nne, chembe nyeupe. Ni chache: penye chembe nyekundu mia sita au mia saba, nyeupe ni moja tu. Lakini msizidharau, kwani hao ndio askari.

4. Askari na vita vyao

Askari wa mwili ni wa namna nyingi. Sisi tutataja wawili.

Wa kwanza ni walaji. Hao huzunguka katika damu na katika nyama ya mwili. Wakikuta kijidudu, humzunguka na kummeza. Mwiba ukikuchoma mguuni, kesho mahali hapo huwa pekundu, pamevimba, pana moto. Hiyo ni damu inayoleta askari. Usaha mweupe utokao ni askari waliokufa vitani pamoja na vijidudu walivyoviua.

Wa pili ni watengeneza silaha. Wao hawamezi. Wanamchunguza adui umbo lake, kisha hutengeneza vitu vidogo sana vinavyolingana na umbo hilo, kama ufunguo ulinganavyo na kufuli. Vitu hivyo huitwa kingamwili. Kingamwili humshika adui, humfunga asiweze kuingia katika chembe zetu, na kumtia alama ili walaji wamwone.

Askari wana kambi zao, ndizo tezi ndogo zilizo shingoni, kwapani na kinenani. Ukiwa na kidonda mguuni, tezi ya kinena huvimba, nasi twasema mtu ana mtoki. Maana yake kambi imejaa askari walioitwa kazini. Wengu nao, ulio chini ya mbavu za kushoto, ni kambi kubwa.

Na homa je? Moto wa mwili wenye afya ni karibu digrii 37. Vita vikianza, mwili wenyewe hupandisha moto, maana vijidudu vingi hupenda joto la kadiri. Basi homa ni kengele ya hatari. Afadhali kuisikia kengele na kuuliza mwivi ni nani, kuliko kuinyamazisha na kulala tena.

5. Ukumbusho wa damu

Waulizeni wazee kama mtu aliyeugua surua utotoni huiugua tena. Watajibu: hapana. Wazee wameona kweli. Vita vikiisha, askari wengi hufa, lakini wachache hubaki miaka mingi. Hao wamelijua umbo la adui. Akirudi, hawangoji kujifunza tena. Hutengeneza kingamwili kwa wingi upesi sana, naye hushindwa kabla mtu hajaona ugonjwa.

Hapa ndipo penye shida. Mara ya kwanza, askari huhitaji siku kadhaa kumchunguza adui na kutengeneza silaha. Adui akiwa dhaifu, siku hizo si kitu. Akiwa mkali na mwenye mbio, siku hizo ndizo za kufa au kupona.

6. Adui aliyekuja Mangina

Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza kwamba ugonjwa wa Ebola umeonekana Mangina, upande wa magharibi ya Beni. Ukaenea Beni, Butembo, Katwa na mahali pengine pengi pa Kivu ya Kaskazini, hata Ituri. Ulitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Kwa muda huo watu 3,470 waliugua, na 2,287 kati yao walikufa. Zaidi ya nusu ya wagonjwa walikuwa wanawake, kwa kuwa mara nyingi ndio wanaouguza wengine. Zaidi ya robo walikuwa watoto.

Kijidudu cha Ebola hakiruki hewani kama vumbi. Hukaa katika damu, matapishi, kinyesi, mate na jasho la mgonjwa, na katika mwili wa aliyekufa. Huingia kwa jeraha la ngozi au kwa milango: jicho, pua, mdomo. Mtu akipatwa, hukaa siku 2 hadi 21 kabla ya kuugua, na katika siku hizo haambukizi mwingine.

Ujanja wake ni huu: hakiwakimbii askari walaji. Hukubali kumezwa nao, kisha huzaa ndani yao. Mlinzi mwenyewe ndiye anayembeba mwivi na kumpeleka kambini, katika tezi, katika wengu, hata katika ini. Ini likiharibika, haliwezi tena kutengeneza vitu vinavyosaidia kugandisha damu. Mishipa midogo huvuja. Mgonjwa hutapika na kuhara, maji ya mwili hupungua, na moyo hauna tena damu ya kutosha kusukuma.

Mwanzoni dalili zake hufanana na malaria: homa, kichwa kuuma, kulegea. Kwa hiyo wengi walidhani ni malaria, wakakaa nyumbani. Wengine waliogopa kituo cha matunzo, wakisema: «Aingiaye hatoki.» Hofu hiyo yaeleweka, maana waliona wengi wakiingia wagonjwa sana na kutoka maiti. Lakini wengi wa hao walikuwa wamechelewa. Mtu aliyekaa nyumbani siku tano alikuwa amempa adui siku tano za kuzaa.

Ndiyo sababu huko Beni vilitumika vyumba vyenye kuta za plastiki ing'aayo. Mgonjwa alikaa ndani. Mama au ndugu alikaa nje, akamwona, akazungumza naye. Hapakuwa na jambo la kufichwa.

7. Dawa iliyotoka katika damu

Sasa sikilizeni jinsi Mkongomani mmoja alivyoufuata ukumbusho wa damu kwa zaidi ya miaka arobaini.

Ugonjwa huu ulijulikana mara ya kwanza katika nchi yetu mwaka 1976, huko Yambuku, kaskazini. Palikuwa na hospitali ya misioni, lakini sindano zilikuwa chache, na sindano moja ilitumika kwa wagonjwa wengi. Mnakumbuka tuliyosema juu ya ngozi: kila sindano ni tundu katika ua. Kwa tundu hilo ugonjwa ulipita kutoka mtu hata mtu.

Daktari Jean-Jacques Muyembe alikuwa miongoni mwa waganga wa kwanza kufika. Alichukua damu ya wagonjwa bila glavu, maana hazikuwako. Mwenyewe ameeleza kwamba damu ilimchuruzika vidoleni, naye akanawa kwa maji na sabuni. Hakuugua.

Mwaka 1995 Ebola ilitokea Kikwit. Watu 315 waliugua, na karibu 8 katika kila 10 walikufa. Muyembe akafikiri: aliyepona ana kingamwili katika damu yake. Je, hawezi kumgawia mgonjwa? Wagonjwa 8 wakapewa damu ya waliopona, 7 wakaishi. Wenye elimu wengi hawakusadiki. Walisema watu 8 ni wachache, labda wangepona wenyewe. Neno lao halikuwa la upuuzi, maana jambo kubwa hutaka ushahidi mwingi.

Muyembe hakuacha. Miaka 11 baada ya ugonjwa wa Kikwit, damu ya watu waliopona ilipimwa. Askari wenye ukumbusho walikuwa wakingali humo! Yeye na wenzake wa Marekani na Uswisi wakachagua kingamwili moja yenye nguvu, wakapata njia ya kuitengeneza kwa wingi. Dawa hiyo iliitwa mAb114.

Kisha ushahidi ukatafutwa kwetu. Tangu Novemba 2018 hadi Agosti 2019, dawa nne zililinganishwa katika vituo vya Mangina, Beni, Butembo na Katwa, kwa wagonjwa 681. Mbili zilishinda, na zote mbili ni za kingamwili. Moja ilikuwa ile ya Kikwit: katika kila wagonjwa 100 walioipata, kama 65 walipona. Na katika wale walioanza dawa wakiwa na vijidudu vichache katika damu, karibu 90 katika 100 walipona. Mwezi wa Desemba 2020 dawa hiyo ilipewa ruhusa Marekani.

Basi mtu wa Kikwit aliugua mwaka 1995, na damu yake ikawasaidia watu wa Butembo waliougua mwaka 2019, ambao hakuwaona wala hakuwajua.

8. Chanjo: kumfundisha askari kabla ya vita

Dawa humsaidia aliyekwisha kuugua. Chanjo yafanya kazi nyingine: huwafundisha askari mapema.

Chanjo ya Ebola iliyotumika kwetu ilitengenezwa hivi. Walichukua kijidudu kingine, kinachougua ng'ombe na farasi, wakakivika vazi la nje la Ebola. Ni vazi tu. Ebola yenyewe haimo. Ikiingia mkononi kwa sindano safi, askari huliona vazi, hulichunguza, hutengeneza kingamwili zake. Mtu aweza kupata homa kidogo au maumivu ya mkono kwa siku moja au mbili: ni kengele ya mazoezi. Baada ya siku 10 hivi askari wako tayari. Ebola ya kweli ikija, vazi lake limekwisha kujulikana.

Chanjo ilianza kutolewa tarehe 8 Agosti 2018. Hawakuchanja ovyo. Walimtafuta kila mtu aliyemgusa mgonjwa, na kila mtu aliyekaa na hao, kama watu wanaozunguka shamba linaloungua ili moto usiruke. Zaidi ya watu 300,000 walichanjwa.

Na waliopona je? Walikuwa na kingamwili zao. Kwa hiyo huko Beni na Butembo baadhi yao walikubali kazi ambayo wengine wasingeweza bila hatari kubwa: kuwalea watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wagonjwa. Waliwabeba, waliwanywesha maziwa, waliwaimbia. Lakini wengine waliopona walirudi kijijini wakakimbiwa na jirani, na huo ni ujinga wa kuhuzunisha. Ni kweli kwamba kijidudu chaweza kujificha miezi mingi katika sehemu chache za mwili, kama ndani ya jicho. Ndiyo maana waganga huendelea kuwapima. Lakini kumsalimu aliyepona, kukaa naye darasani, kula naye, hakuna hatari.

9. Tushike haya

Nawa mikono kwa maji na sabuni kabla ya kula, baada ya choo, na baada ya kumhudumia mgonjwa.

Usigusewe na damu wala matapishi ya mtu mwingine. Ukimwona mtu mgonjwa sana, mwite mkubwa.

Usiokote mnyama aliyekufa porini, wala usimle.

Ukiona homa, waambie wazazi mapema. Mzee wako akisema, «Tungoje kidogo,» mwambie kwa heshima: «Baba, mwalimu amesema homa ni kengele. Twende kituoni tukapimwe.»

Ndugu akifa katika ugonjwa huo, twamlilia na kumwombea, lakini maiti yaachwe kwa wenye mavazi ya kujikinga. Mapenzi kwa marehemu yasiwaue walio hai.

Maneno mapya

Chembe: tofali dogo la mwili. Uboho: ute ulio ndani ya mfupa. Wengu: kambi ya askari chini ya mbavu za kushoto. Kingamwili: silaha ya damu inayolingana na umbo la adui. Chanjo: mafunzo ya askari kabla ya vita.

Maswali

1. Ngozi ina matabaka mangapi? Utajuaje kwamba jeraha limefika la pili?
2. Taja milango mitatu ya mwili na mlinzi wa kila mmoja.
3. Damu ina vitu gani vinne? Eleza kazi ya kila kimoja.
4. Mtu ana kidonda cha mguu, na kinena kimevimba. Mweleze sababu.
5. Kijidudu cha Ebola huwadanganyaje askari walaji?
6. Kwa nini mgonjwa anayekwenda kituoni siku ya kwanza ana tumaini kuliko anayekwenda siku ya tano?
7. Chanjo na dawa ya kingamwili hutofautiana namna gani?
8. Jirani hataki mwanawe akae karibu na mtoto aliyepona Ebola. Utamjibu nini?

Kazi ya nyumbani

Weka vidole viwili juu ya kifundo cha mkono wa ndugu yako, upande wa kidole gumba. Hesabu mapigo kwa dakika moja. Kisha mwambie akimbie kuzunguka nyumba mara tatu, uhesabu tena. Andika hesabu zote mbili, na ueleze kwa nini moyo umeongeza mbio.